Nuru za kaskazini hazifiki Nakuru, lakini jamaa zetu walioko ng'ambo wanaweza kuziona

Mhariri,

Dhoruba kubwa ya jua ikitokea, picha za mbingu nyekundu na kijani huenea haraka katika makundi ya WhatsApp, na hakosekani mtu wa kuongeza kwamba usiku huo nuru za kaskazini zitafika hadi Nakuru na Kisumu. Haziwezi kufika. Tunaandika kueleza kwa nini, lakini zaidi tunaandika kwa ajili ya jamaa zetu walioko Minnesota, Toronto, Leeds au Berlin, ambao wanaishi mahali zinapoonekana na bado miaka inapita bila kuziona. Mara nyingi tatizo lao si bahati mbaya. Hawajui saa ya kutoka, upande wa kutazama, wala namba ya kuiamini. Na kwa sababu ya tofauti ya saa, mtu aliye hapa na simu yake ya kawaida anaweza kuwalindia zamu vizuri kuliko wanavyoweza wenyewe.

Tuanze na Kenya. Aurora, kama wanasayansi wanavyoiita nuru hii, huwaka pale chembe zenye chaji ya umeme zinapoteremka kwa kasi kwenye hewa ya juu zikifuata mistari ya uga wa sumaku wa dunia. Zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, rangi inayotoka ni kijani. Oksijeni iliyo juu ya kilomita 200 hutoa nyekundu. Nitrojeni huchangia zambarau na waridi, hasa kwenye pindo la chini dhoruba inapokuwa kali. Karibu na ncha za dunia mistari ya sumaku imesimama karibu wima, hivyo chembe zina pa kuteremkia. Huku kwetu mistari hiyo imelala, karibu sambamba na ardhi, kwa kuwa ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, jirani tu. Katika dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, iliyofikia daraja la juu kabisa la G5 kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, aurora ilionekana Florida, Mexico na hata Ladakh kaskazini mwa India. Upande wa kusini ilipigwa picha Afrika Kusini. Sisi tulikuwa katikati, mbali na pande zote mbili.

Kwa hiyo mwangaza usio wa kawaida ukionekana juu ya Ziwa Victoria, tafuta chanzo cha karibu. Taa za wavuvi wa omena huwa nyingi zaidi usiku usio na mbalamwezi, na mawingu ya chini huakisi mwanga wao hadi ukaonekana umetanda angani. Upande wa Nakuru na Naivasha, shamba la maua linalowasha taa usiku ili kurefusha mchana wa mimea linaweza kuyapaka mawingu manjano au waridi. Radi ya mbali, ambayo ngurumo yake haisikiki, nayo humulika upeo wa macho kwa dakika nyingi. Vyote hivyo viko ndani ya mawingu au chini yake. Aurora iko juu ya mawingu yote, na mawingu huificha.

Hii haina maana kwamba dhoruba hizo hazitugusi kabisa. Ukanda wa ikweta una tabaka la hewa yenye chaji linalovurugika kwa urahisi kuanzia machweo hadi karibu usiku wa manane, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na mvurugiko huo hupotosha mawimbi ya GPS. Mpimaji wa ardhi au rubani wa droni ya shambani akiona vipimo vinarukaruka jioni ya dhoruba, asilaumu mashine kwanza. Arudie kazi asubuhi.

Sasa tuje kwa hao jamaa. Ukitazama ramani ya kawaida, London iko kaskazini zaidi ya Minneapolis kwa zaidi ya digrii sita, na mtu angetarajia London ipendelewe. Kinyume chake ndicho kweli. Mkanda wa aurora hauzunguki ncha ya kijiografia. Huzunguka ncha ya sumaku, nayo imeinamia upande wa Canada. Ndiyo maana Mkenya wa Minnesota, na wako wengi kule, wakiwemo wengi waliotoka Kisii, ana nafasi nzuri kuliko mwenzake wa London. Kwa makadirio, Minneapolis inahitaji dhoruba ya Kp 5 (Kp ni kipimo cha nguvu ya dhoruba, tutakieleza hapa chini), Edinburgh 5 au 6, Toronto na Chicago 6 au 7, London na Berlin 7 au zaidi. Hapo tunazungumzia nuru iliyo chini karibu na upeo wa macho, si ile ya kujaza mbingu.

Jambo hili la upeo wa macho linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua mtu asimame wapi. Si lazima aurora iwe juu ya kichwa chako. Nuru ya kijani iliyo kilomita 110 juu huweza kuonekana, kwa hesabu ya mviringo wa dunia, kutoka umbali wa karibu kilomita 1,200 kama hakuna kizuizi. Nuru nyekundu iliyo kilomita 300 juu huonekana kutoka karibu kilomita 2,000. Mtazamaji wa latitudo za kati anaona sehemu za juu tu za nuru iliyo mbali kaskazini mwake, na sehemu za juu ndizo nyekundu. Hivyo picha za Chicago au kusini mwa Uingereza huwa na waridi na wekundu mwingi, na kijani kinabaki ukanda mwembamba chini kabisa, pale penye miti, nyumba na taa za mji. Kilima kidogo upande wa kaskazini kinatosha kukunyima usiku mzima.

Namba inayotajwa sana ni hiyo Kp, inayoanzia 0 na kuishia 9. Dhoruba huanza kwenye 5, ambayo ni daraja G1, na 9 ni G5. Kp huhesabiwa kwa vipande vya saa tatu kutoka vituo vya kupima sumaku sehemu mbalimbali za dunia. Inaeleza yaliyokwisha kutokea, au inakadiria yatakayokuja. Haielezi kilichopo angani dakika hii. Anayeanza huona Kp 6 kwenye programu ya simu, anatoka mbio, anakuta giza tupu, anarudi kulala. Nusu saa baadaye mbingu inawaka naye hayupo.

Namba ya kuiamini usiku wenyewe ni Bz. Setilaiti zinazopima upepo wa jua, kama ACE iliyorushwa 1997, zimewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua. Zinapima kasi ya upepo huo, msongamano wa chembe zake, na mwelekeo wa uga wa sumaku unaobebwa nao. Bz ni sehemu ya uga huo inayoelekea kaskazini au kusini, na hufanya kazi kama komeo: ikiwa juu ya sifuri mlango umefungwa, hata upepo uvume vipi; ikishuka chini ya sifuri, uga wa upepo wa jua huungana na uga wa dunia na nishati huanza kuingia. Hasi 5 nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) kwa muda wa saa nzima inatosha kumfanya mtu wa Minneapolis avae koti. Hasi 10 iliyodumu nusu saa au zaidi, na kasi ikiwa juu ya kilomita 500 kwa sekunde, ni ishara ya kuingia garini. Hasi 20 ni usiku ambao hata London ipigiwe simu. Kinachohesabika ni kudumu. Bz inayopanda na kushuka kila dakika tano haileti kitu.

Kutoka setilaiti hadi kwetu upepo una safari. Kwa kasi ya kawaida ya kilomita 400 kwa sekunde huchukua kama dakika 62; kwa 500, dakika 50; kwa 800, dakika 31. Muda huo ndio onyo la uhakika pekee alilonalo mtazamaji. Utabiri wa siku mbili mbele una kazi yake, kwani wingu la gesi linalorushwa na jua kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kufika, lakini saa iliyotabiriwa hukosea sana. Nusu siku si ajabu. Na hakuna anayeweza kupima kwa uhakika mwelekeo wa sumaku ya wingu hilo kabla halijafika kwenye setilaiti. Wingu likitangazwa kwa kishindo na likafika na Bz chanya, usiku unapita kimya, na watu wanasema wataalamu wamedanganya. Hawakudanganya.

Hapa ndipo mtu wa Nakuru anapoingia. Aurora huchangamka zaidi karibu na usiku wa manane, kati ya saa nne usiku na saa nane usiku kwa saa za pale inapoonekana. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi chao. Saa nne usiku ya Minneapolis mwezi Januari ni saa moja asubuhi ya Nakuru. Saa nane usiku yao ni saa tano asubuhi yetu. Jamaa wa kule ametoka zamu ya hospitali amechoka, amelala. Wewe umeamka, una chai mezani na data kwenye simu. Fungua ukurasa wa kituo cha utabiri wa hali ya anga za juu cha NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga; kituo kiko Boulder, Colorado, na ukurasa ni bure. Tazama grafu ya Bz ya saa mbili zilizopita na kasi ya upepo iliyo chini yake. Kisha tazama ramani ya mkanda wa aurora ya kituo hichohicho, inayokadiria nusu saa hadi saa moja na nusu mbele. Bz ikiwa imekaa chini ya hasi 10 na mkanda umeshuka hadi mpaka wa Canada na Marekani, piga simu, usitume ujumbe. Ujumbe hauamshi mtu. Mwenye jamaa Uingereza ana kazi ngumu zaidi, maana saa nne usiku ya kule ni saa saba usiku kwetu wakati wa baridi. Huyo amshauri jamaa yake ajiandikishe kupata tahadhari za AuroraWatch UK, huduma ya Chuo Kikuu cha Lancaster.

Kuna mtego wa tarehe unaowapotosha wengi. Utabiri wote huandikwa kwa saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Kipande cha 03 hadi 06 UTC cha tarehe 11 ni saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 11 hapa, lakini kwa Minneapolis wakati wa baridi ni saa tatu hadi saa sita usiku wa tarehe 10. Mtu wa kule akisoma "tarehe 11" na kusubiri jioni ya siku hiyo, amechelewa kwa siku nzima.

Kabla ya kumwamsha mtu, angalia mawingu ya kule aliko, kwa picha za setilaiti zinazoonyesha yalivyosogea saa tatu zilizopita. Kp 8 juu ya mawingu mazito ni sawa na Kp 0. Mara nyingi mawingu huwa na ukingo, na mwendo wa dakika arobaini kwa gari upande sahihi huokoa usiku. Mwezi mpevu nao hupunguza nuru hafifu, ila dhoruba kali huonekana hata mwezi ukiwa juu. Kiangazi kinaua kabisa nafasi ya walio kaskazini: Scotland haina giza kamili kuanzia mapema Mei hadi kuingia Agosti.

Misimu mizuri ni wiki za karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 22 Septemba. Wakati huo mkao wa dunia kwa upepo wa jua huiwezesha Bz kushuka kusini mara nyingi zaidi, na usiku huwa na giza la kutosha bila baridi ya Januari. Kuhusu miaka, jua lina mzunguko wa takriban miaka 11, na Oktoba 2024 NASA na NOAA zilitangaza kwamba limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wa sasa. Wanaodhani kilele kikipita nafasi imekwisha wanakosea. Dhoruba za Oktoba 2003 zilikuja wakati jua lilikuwa tayari linashuka kutoka kilele chake. Miaka ya kushuka pia huwa na mashimo ya korona, sehemu za jua zinazopuliza upepo wa kasi, na mengine hudumu miezi kadhaa. Jua hujizungusha kwa takriban siku 27 likitazamwa kutoka duniani. Ukiona usiku mzuri uliotokana na shimo la korona, weka alama kwenye kalenda siku ya 27 baadaye.

Mahali pa kusimama pana kanuni moja: mji uwe nyuma yako, yaani upande wa kusini, na mbele yako kaskazini kuwe wazi. Wasomaji wa hapa wanaweza kuielewa bila kwenda mbali. Anayesimama ukingoni mwa kreta ya Menengai akitazama kaskazini ana mji wa Nakuru mgongoni na kreta yenye giza mbele. Anayesimama Dunga akitazama kaskazini ana taa zote za Kisumu machoni. Chicago ni hivyohivyo. Ufuo wa mjini unatazama mashariki, lakini ufuo wa Indiana Dunes, kusini mwa Ziwa Michigan, unatazama kaskazini juu ya maji matupu. Aliye Minnesota ama apite kaskazini ya mji, ama avuke hadi ufuo wa Wisconsin wa Ziwa Superior. Uingereza kuna pwani ya kaskazini ya Norfolk. Toronto iko upande wa kaskazini wa Ziwa Ontario, kwa hiyo ufuo wake haufai; ni heri kwenda hadi kusini mwa Ziwa Simcoe. Mahali pakaguliwe mchana: pana pa kuegesha gari nje ya barabara, hapana lango linalofungwa saa mbili usiku, si shamba la mtu. Kuingia shamba la watu usiku Marekani ni hatari ya kweli.

Ukifika, zima kila taa na usubiri dakika 20 hadi 30. Macho huchukua muda huo kuzoea giza, na kutazama simu yenye mwanga kamili mara moja tu kunarudisha hesabu nyuma. Punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki.

Kisha mtu ajue anachotafuta, maana wengi wameitazama aurora bila kuitambua. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Katika latitudo za kati, nuru hafifu huonekana kama utepe wa kijivu au mweupe uliolala kaskazini kutoka mashariki hadi magharibi, na mtu huiita wingu. Kuna njia tatu za kuithibitisha. Nyota hupenya kwenye aurora lakini wingu huzifunika. Mwanga wa mji hukaa palepale, wakati aurora hubadilika ndani ya dakika tano hadi kumi na mihimili huchomoza wima. Tatu, simu: ielekeze kaskazini, piga picha ya sekunde tatu au zaidi, na kijani au waridi vitajitokeza hata kama jicho halikuviona. Rangi ya chungwa yenye umbo la kuba, iliyo nene chini na kufifia juu, ni taa za barabarani.

Tunaliomba gazeti lako, Mhariri, na lingine lolote linalochapisha picha hizi: andikeni chini yake mahali, saa na sekunde ngapi lenzi ilikuwa wazi. Picha ya sekunde kumi imekusanya mwanga ambao jicho halikusanyi. Anayetoka nje akitarajia wekundu wa gazetini huvunjika moyo mbele ya aurora halisi, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa mtu aliyeendesha gari saa mbili.

Simu nyingi za sasa zenye hali ya usiku zinatosha, mradi zisishikwe mkononi. Tumia stendi ya miguu mitatu au jiwe, weka kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise, zima flashi. Mwenye kamera afungue lenzi hadi mwisho, f/2.8 au namba ndogo zaidi, ISO 1600 hadi 3200, sekunde 5 hadi 10. Mihimili ikianza kukimbia, apunguze hadi sekunde 2 au 3. Akiacha 10, mihimili yote itayeyukia ndani ya ukungu mmoja wa kijani. Kosa linaloharibu picha nyingi ni kuiachia kamera ijilenge yenyewe gizani. Badili iwe ya mkono, kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha pete ya lenzi hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiiguse tena. Mizani ya rangi (white balance) nayo iwekwe isibadilike, karibu Kelvin 4000, la sivyo kila picha itatoka na mbingu ya rangi tofauti.

Baridi ni somo lake, na mtu aliyekulia Nyando au Bahati hulipuuza. Minnesota mwezi Januari usiku wa nyuzi hasi 20 za Selsiasi ni jambo la kawaida, na kutazama aurora ni kusimama bila kutembea. Vaa nguo tatu nyembamba badala ya moja nene, ya nje izuie upepo. Usivae soksi mbili ndani ya viatu vinavyobana, kwa sababu damu haitafika vidoleni na miguu itaganda haraka kuliko kwa soksi moja. Simama juu ya kipande cha katoni au mkeka wa sponji. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, kwa hiyo ile ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usiipumulie lenzi, barafu hujitanda papo hapo. Wakati wa kurudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, na uiache humo hadi ipate joto la chumba. Umande utashika nje ya mfuko, si ndani ya kamera.

Na ziwa lililoganda si uwanja. Watu wa huku hatuna mazoea nalo hata kidogo. Mwongozo unaotumika Minnesota kwa mtu anayetembea kwa miguu ni barafu mpya, angavu, yenye unene usiopungua sentimita 10. Barafu nyeupe yenye theluji ni dhaifu zaidi. Mgeni asiye na mwenyeji wa kumpimia abaki ufukweni. Mandhari ni yaleyale.

Kisha ni subira. Aurora huja kwa mawimbi. Kwanza utepe mtulivu huweza kukaa saa nzima bila kubadilika, halafu pindo lake la chini linang'aa, mihimili inachomoza, na ndani ya dakika kumi hadi thelathini mbingu inachemka yote. Baadaye hubaki mabaka hafifu yanayowaka na kuzima kila sekunde chache. Wengi huondoka hapo. Kama Bz bado iko chini ya sifuri kwa kiasi kikubwa, wimbi jingine linaweza kuja baada ya saa moja au mbili, na wakati huo ndipo aliyeko Nakuru anapopiga simu tena kusema baki au rudi nyumbani.

Anayetarajia kusafiri kwa masomo au kazi anaweza kuanza mazoezi akiwa hapa. Kisumu na Nakuru ziko karibu juu ya ikweta yenyewe, hivyo Nyota ya Kaskazini iko kwenye upeo wa macho na haionekani. Lakini mwezi wa Aprili na Mei, karibu saa tatu usiku, nyota saba za Dubu Mkubwa husimama upande wa kaskazini, bakuli lake likiwa limefudikizwa. Chukua nyota mbili za ukingo wa bakuli ulio mbali na mpini, Merak juu na Dubhe chini. Ngumi moja ukiwa umenyoosha mkono ni kama digrii 10. Umbali kati ya nyota hizo mbili ni nusu ya ngumi. Rudia umbali huo mara tano kushuka kutoka Dubhe, utagusa ardhi. Hapo ndipo kaskazini halisi. Ukifika Minneapolis mwezi Septemba utaikuta Dubu Mkubwa hiyohiyo imeinama kaskazini-magharibi mapema usiku, na usiku wa manane iko chini kabisa upande wa kaskazini, bakuli likitazama juu. Fuata Merak na Dubhe vivyo hivyo na utafika kwenye Nyota ya Kaskazini, ngumi nne na nusu juu ya upeo wa macho. London ni ngumi tano na kidogo. Utepe wa aurora wa usiku wa kawaida wa dhoruba utafute chini yake, katika ngumi mbili za kwanza kutoka ardhini, na upeleke macho kushoto na kulia kwa upana wa ngumi tatu kila upande.

Ni sisi,
Watazamaji wa nyota,
Nakuru na Kisumu